Mtoto Aliye Tumboni Apewe Jina Gani?



Miongoni mwa maswali yanayonifikia mara kwa mara kutoka kwa ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, na kutoka kwa wale ambao bado wanauchunguza, ni swali la majina. Mmoja huuliza: Je, ni lazima niache jina nililopewa na babu yangu? Mwingine huuliza: Je, mwanangu asipopewa jina la Kiarabu atahesabiwa kuwa si Mwislamu? Maswali hayo nimeyajibu mara nyingi. Lakini swali nililoulizwa kule Kongowe, Kibaha, halikuwa la namna hiyo, na nakiri mbele yenu kwamba jawabu nililolitoa siku ile lilikuwa pungufu. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kulijibu tena hapa.

Kongowe ni mji ulio kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Maili Moja na Mlandizi. Wenyeji wake wa asili ni Wazaramo, lakini leo utawakuta huko watu wa kila mkoa waliokuja kutafuta viwanja na riziki. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mama mmoja mjamzito, akiongozana na mama yake mzazi. Wakanipa shikamoo, nikawakaribisha mkekani. Yule mjamzito akasema:

“Maalim, nimekuja kuomba jina la mtoto. Lakini nataka jina linalofaa kwa mwanamume na kwa mwanamke pia.”

Nikamwuliza kwa nini asingoje mpaka ajifungue salama, kwani siku ya saba haiko mbali. Akainamisha uso. Mama yake ndiye aliyejibu:

“Maalim, huyu mwanangu ana mabinti watatu. Mume wake amekwisha weka jina la mtoto wa kiume, jina la marehemu baba yake. Amesema akizaliwa mwanamke tena, yeye hana jina la kumpa, mama yake atajua mwenyewe. Sasa mwanangu anataka jina liwe tayari, lisilongoja mtoto kufunuliwa nguo.”

Nami, ndugu msomaji, nikajibu kama mtu aliyeulizwa katika mtihani. Nikasema kwamba majina ya kiume ni ya kiume na ya kike ni ya kike. Nikawatajia Abdallah na Abdurahmani kwa mwanamume, Mariamu na Fatuma kwa mwanamke. Nikawausia wangoje siku ya saba. Wakasema, “Ahsante, Maalim,” wakaondoka. Nilipokuwa ndani ya basi nikirudi nyumbani, nikatambua kwamba nilikuwa nimejibu habari za majina tu, na mtoto mwenyewe nimemsahau. Mama yule hakuja kujifunza orodha. Alikuwa anatafuta mahali ambapo mwanawe angepokewa kabla hajapimwa.

Basi na tulitazame jambo hili vizuri, kwa utaratibu.

Je, yako majina yanayofaa kwa wote wawili?

Yako, tena mengi. Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe imetuzoeza jambo hili. Tunaposema “amekuja,” msikilizaji hajui kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Mtoto, ndugu, mjukuu, mpwa, mkwe: maneno yote hayo humtaja mtu bila kutangaza jinsi yake. Hata neno tukufu kuliko yote ambalo mwanadamu aweza kuitwa mbele ya Mola wake, yaani mja, kwa Kiswahili ni moja. Mwarabu hana budi kusema Abdullah kwa mwanamume na Amatullah kwa mwanamke. Mswahili husema mja wa Mungu, na wote wawili wameingia humo.

Ndiyo maana majina kama Amani, Imani, Zawadi, Riziki, Furaha, Heri, Bahati, Shukuru na Tumaini hupewa watoto wa kiume na wa kike, mahali hapa zaidi kwa hawa na mahali pale zaidi kwa wale. Baba mzazi wa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa mwaka 2021, alibeba jina la Suluhu, na neno hilo, likiwa na maana ya mapatano na amani, halikuumbwa kwa ajili ya wanaume peke yao.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Waswahili tu. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, katika chuo cha dini, niliishi na wanafunzi wa mataifa mengi. Bweni moja nami alikuwamo kijana mwenye ndevu nzuri, jina lake Shamim. Siku ya kwanza nilidhani sikumsikia vizuri, kwa kuwa huku kwetu Shamimu ni jina la msichana. Yeye akashangaa kwa kushangaa kwangu, maana kwao wanaume wengi huitwa hivyo. Wote wawili tulijifunza kwamba mara nyingi desturi ya mahali ndiyo inayoliweka jina upande huu au upande ule.

Tukirudi katika historia ya Kiislamu yenyewe, mambo ni yale yale. Jina Hind wengi hulijua kuwa ni la mwanamke, kwa sababu ya Hind binti Utba. Lakini Bibi Khadija r.a. alikuwa na mtoto wa kiume kwa mume wake wa zamani, naye aliitwa Hind bin Abi Hala, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume s.a.w. Jina Asmaa ni la binti wa Sayyidna Abubakar r.a.; lakini alikuwako sahaba wa kiume aitwaye Asmaa bin Haritha. Na jina Juwairiya ni la mmoja wa wake wa Mtume s.a.w.; lakini miongoni mwa wapokezi wa Hadithi waliotajwa katika Sahihi Bukhari yumo mwanamume aitwaye Juwairiya bin Asmaa, naye na baba yake wote wakiwa na majina ambayo leo tungewapa mabinti zetu. Hapakuwa na mtu aliyekataa kupokea Hadithi kwao kwa sababu hiyo.

Na tulitazame jina la Baraka. Katika nchi yetu wengi wanaoitwa Baraka ni wanaume. Lakini yule mama Mhabeshi aliyemlea Mtume Mtukufu s.a.w. baada ya kufariki mama yake mzazi, yaani Ummu Aiman r.a., jina lake hasa lilikuwa Baraka. Mwanamke Mwafrika, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru, ndiye aliyembeba mikononi yule ambaye kwake dunia yote ingepata rehema, na jina lake ni hilo ambalo leo laitwa na vijana wa kiume wa Kongowe.

Masharti ya jina zuri

Hata hivyo, mtu asifahamu kwamba kila jina linalofaa kwa wote wawili ni jina zuri. Wazee wetu waliwaita watoto Shida, Tabu, Mashaka na Matatizo, na ajabu ni kwamba majina ya msiba hayakubagua: msichana aliyezaliwa wakati wa njaa na mvulana aliyezaliwa wakati wa matanga wote walitwikwa mzigo huo. Wazee hao hatuwalaumu, maana walikuwa wakiandika historia yao katika majina ya watoto wao. Lakini mtoto si jiwe la kaburi hata aandikwe msiba wa wengine.

Mtume Mtukufu s.a.w. alibadili majina ya namna hiyo. Mwanamke aliyeitwa kwa jina lenye maana ya Mwasi alimpa jina la Jamila, yaani Mzuri. Mtu mmoja aliyeitwa Hazn, maana yake ardhi ngumu yenye mawe, alishauriwa ajiite Sahl, maana yake ardhi laini. Akakataa, akisema kwamba hatabadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, ambaye alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina, alikuwa akisema kwamba ugumu ule haukuacha kuonekana katika ukoo wao. Na hapa petu tunao mfano wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, na kufariki mwaka 1950. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, nalo ni jina walilopewa wanaume na wanawake. Baadaye akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo ndilo anakumbukwa. Hakuna leo amkumbukaye kwa jina la kwanza ila wasomaji wa historia.

Basi sharti la kwanza ni maana njema. Sharti la pili ni kwamba jina lisimfanye mtoto kuwa kichekesho. Kama mahali unapoishi jina fulani linajulikana kuwa ni la wanawake tu, usimpe mwanao wa kiume kwa kutaka kuonyesha elimu yako ya mambo ya zamani. Kurani Tukufu imekataza watu kuitana kwa majina ya kejeli (Sura 49, aya 12). Basi mzazi naye asiwe wa kwanza kuifungulia kejeli hiyo mlango. Sharti la tatu ni kwamba majina yaliyo ya Mwenyezi Mungu peke Yake yasipewe mtu ila kwa kutanguliza neno la utumwa, kama Abdurahmani.

Yaweza kuulizwa: Je, haikupokewa kwamba Mtume s.a.w. alichukia jina la Baraka? Jawabu ni kwamba katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Jabir r.a. kwamba Mtume s.a.w. alinuia kukataza majina kama Baraka, Aflah na Yasar, kisha akanyamaza, na akafariki bila kuyakataza. Na sababu ya makatazo yaliyopokewa kuhusu baadhi ya majina hayo ni hii, kwamba mtu aweza kubisha hodi akauliza, “Fulani yumo?” akajibiwa, “Hayumo,” na wajinga wakaona ni ndege mbaya kwamba kheri haimo ndani. Hivyo tunafundishwa kwamba jina ni dua, wala si hirizi. Mwenye kumwita mwanawe Riziki, kisha asiende shamba, atalala njaa pamoja na Riziki wake.

Yaweza pia kuulizwa: Je, mtu hatajulikana vipi kama ni mwanamume au mwanamke? Jambo hili halina uzito. Cheti cha kuzaliwa kina mahali pake pa kuandika jinsi ya mtoto, na jina halikupewa kazi hiyo.

Mama aliyeweka nadhiri kabla ya kujua

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo lenyewe. Kurani Tukufu imetusimulia habari za mama mjamzito aliyekuwa katika hali ya kutojua kama yule mama wa Kongowe. Katika Sura Aali Imran (3), aya 36 na 37, tunasoma kwamba mke wa Imran alimwekea Mola wake nadhiri kile kilichokuwa tumboni mwake, kiwe huru kwa ajili ya utumishi Wake. Hakuweka sharti. Alipojifungua, akaona ni mwanamke, akasema kwa mshangao kwamba amezaa mwanamke. Na Mwenyezi Mungu alijua zaidi alichokizaa. Wako wafasiri walioeleza kwamba maneno yanayofuata, kuwa mwanamume si kama mwanamke, maana yake ni kwamba mwanamume yule aliyemtazamia hakuwa sawa na mwanamke huyu aliyepewa. Kisha mama yule, kwa mdomo wake mwenyewe, akampa jina la Mariamu, na akamwombea yeye na kizazi chake.

Tazameni, ndugu zangu. Nadhiri ilitangulia, na jinsi ya mtoto ikajulikana baadaye, wala nadhiri haikuvunjika. Mtoto aliyepokewa kabla ya kujulikana ndiye aliyekuja kuwa mama wa Nabii Isa a.s. Kama mke wa Imran angesema, “Akiwa mwanamume ni wa Mungu, akiwa mwanamke nitajua mwenyewe,” je, tungeisoma habari yake leo?

Kwa mfano huo huo, tarehe 3 Aprili 1987, Khalifa wa Nne wa Jumuiya ya Ahmadiyya, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, aliwaita wazazi wawaweke watoto wao wakfu kwa ajili ya dini kabla hawajazaliwa. Wazazi walioitikia waliandika habari za mtoto ambaye hawakujua ni wa kiume au wa kike, na wote wawili walipokewa. Nalitaja jambo hili ili mchunguzi afahamu kwamba si hadithi ya kale tu.

Neno kwa baba wa watoto wa kike

Wiki mbili baadaye nilirudi Kongowe, safari hii nikamtafuta mume. Nilimkuta chini ya mwembe akitengeneza baiskeli. Hakuwa mtu mkali. Tulipokwisha kusalimiana na kuulizana hali, akaniambia kwa sauti ya chini:

“Maalim, najua wamekuja kwako. Mimi sichukii mabinti zangu. Lakini baba yangu alinizaa peke yangu. Nikifa bila mtoto wa kiume, jina la mzee litapotea.”

Nikaona kwamba alikuwa na uchungu wa kweli, na kwamba si haki kumjibu kwa kumkemea. Nikamwomba, kama hataona vibaya, aniletee vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Akaingia ndani, akatoka navyo katika mfuko wa nailoni. Nikamwambia asome jina la mtoto wa kwanza kwa sauti. Akasoma jina la binti yake, kisha jina lake mwenyewe, kisha jina la marehemu baba yake. Nikamwambia asome la pili. Akasoma. La tatu nalo likawa hivyo hivyo. Akanyamaza, akiwa ameshika karatasi mkononi.

Nikamwambia: “Ndugu yangu, jina la mzee limekwisha andikwa mara tatu, na waliolibeba ni hawa watoto wanaokuletea maji ya kunawa.”

Kisha nikamkumbusha mambo matatu, nami nawakumbusha nyinyi pia.

La kwanza, watoto wa kiume wa Mtume Mtukufu s.a.w. walifariki wakiwa wadogo, na maadui wakamdhihaki kwamba amekatikiwa na kizazi. Mwenyezi Mungu akajibu katika Sura Kauthar kwamba adui yake ndiye atakayekatikiwa. Uzao wake ulipita kwa binti yake, Bibi Fatima r.a. Leo majina ya maadui wale hapana anayejivunia kuyarithi.

La pili, Kurani Tukufu katika Sura Nahl (16), aya 59 na 60, imemweleza mtu wa zama za ujahili ambaye akipewa habari ya mtoto wa kike uso wake hugeuka mweusi, akajificha na watu, akiwaza amweke kwa aibu au amfukie udongoni. Hatuwafukii tena watoto udongoni. Lakini mtoto anayezaliwa baba yake akakataa kumpa jina, naye amefukiwa kwa namna nyingine. Na katika Sura Shura (42), aya 50, Mwenyezi Mungu anapotaja vipawa vyake, amewataja watoto wa kike kwanza. Mtume s.a.w. naye amemwahidi mwenye kuwalea mabinti wawili mpaka wakue kwamba atakuwa karibu naye Siku ya Kiyama, kama vidole viwili vinavyofuatana. Baba yule alikuwa na watatu.

La tatu ni la elimu ya dunia. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa mwanamume au mwanamke.  Basi mume anayemlaumu mke wake kwa kuzaa mabinti ni kama mkulima aliyepanda mtama kisha akaligombeza shamba kwa kutoota mahindi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba amekubali. Aliuliza jambo moja tu: “Maalim, adhana nayo husomwa tofauti?” Nikamjibu kwamba mtoto wa kiume na wa kike wote husomewa adhana ile ile katika sikio la kulia na ikama katika la kushoto. Akikani ndiyo hutofautiana: mbuzi wawili kwa mwanamume na mmoja kwa mwanamke, naye mwenye uwezo ndiye achinje. Lakini neno la kwanza ambalo mtoto hulisikia duniani ni moja. Nikamweleza pia kwamba si lazima kungoja siku ya saba kutaja jina, Mtume s.a.w. alimpa mwanawe jina la Ibrahimu usiku ule ule aliozaliwa, na Nabii Yahya a.s. alipewa jina na Mola wake kabla hata mama yake hajamchukua mimba.

Siku iliyofuata alinipigia simu. Akasema kwamba yeye na mkewe wamekubaliana jina, nalo ni Baraka, na kwamba amelitamka yeye mwenyewe mbele ya mabinti zake watatu.

Mtoto amekwisha zaliwa, alhamdulillah, na mama yake ni mzima. Anaitwa Baraka, na nyuma yake lafuata jina la baba yake, kisha la babu yake. Najua wako wasomaji watakaotaka kuuliza: Je, alikuwa wa kiume au wa kike? Atakayeuliza hivyo, namwomba aisome makala hii tena tangu mwanzo.

Ndugu mpenzi msomaji, wewe unayengoja mtoto, chagua jina lenye maana njema, la Kiarabu au la Kiswahili au la lugha ya mama yako, na uwe tayari kulitamka kwa furaha, awaye yote atakayekuja. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura Aali Imran, aya 196, kwamba hapotezi kazi ya mtendaji yeyote, awe mwanamume au mwanamke. Ikiwa Yeye hapotezi kazi ya mja Wake kwa sababu ya jinsi yake, nani wewe hata uinyime nusu ya viumbe Vyake furaha ya kupokewa?

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto walio kitulizo cha macho yetu, na atujaalie sisi kuwa wazazi wanaostahili kuwaita kwa majina yao. Amin.